Rafu Isiyo na Vumbi

Dada yangu hawezi kusema uongo. Watu wakisikia hivyo wananiambia, "Hongera, mmebarikiwa." Barikiwa wapi! Waje waishi naye. Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za wanawake hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele, na nimepoteza wateja kwa ajili yake. Mteja anajigeuzageuza mbele ya kioo, mimi nammwagia sifa, mara Dada anapita na kikombe chake cha chai. Anaulizwa, "Eti mama, nimependeza?" Anasimama, anamtazama vizuri, tena kwa upole kabisa, kisha anasema, "Mabega yanakubana, na rangi hii inakuzeesha." Halafu huyo, anaendelea na safari yake jikoni. Wala hana ubaya. Ameulizwa, amejibu.

Tuko watatu, tumbo moja. Dada ndiye wa kwanza. Mimi wa kati, niliyeolewa nikaachika, au nikaacha, inategemea unamuuliza nani. Wa mwisho ni mdogo wetu wa kiume, ambaye mpaka leo, na mvi zimeshaanza kumchungulia kidevuni, tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mama alifariki Kitinda akiwa bado na kaptula za shule ya msingi, na baba alikuwa ameshatangulia. Dada ndiyo kwanza alikuwa ameingia chuo cha ualimu. Akafunga sanduku akarudi nyumbani, akashika kazi ya kwanza iliyojitokeza, nayo ilikuwa ya kugonga mihuri vitabu kwenye maktaba ya chuo kikuu. Akatulea kwa muhuri. Ukutubi alikuja kuusoma baadaye, masomo ya jioni, kidogo kidogo, mpaka akawa mkutubi kamili mwenye meza yake, dirisha lake na ufunguo wa ghala la vitabu.

Tena ni mtu wa mpangilio huyo, usiombe. Viatu mlangoni vyote vinatazama upande mmoja, sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Ukitoa kijiko kwenye droo ukakiacha mezani, atakitazama kile kijiko kama mtoto aliyetupwa. "Kila kitu kina kwao," ndio wimbo wake. Kitinda alipokuwa mdogo alikuwa anamwigiza kwa siri, anaokota soksi moja na kuiuliza kwa sauti ya huruma, "Kwenu wapi wewe?" Tunacheka mpaka tunakaa chini.

Haya. Huyo Kitinda akakua, akasoma. Wenzake walisoma uhasibu, wakasoma uuguzi, yeye akachagua historia ya kale. Wafalme waliokufa kabla dunia haijajua sabuni! Nilimuuliza, "Hiyo inaliwa?" Dada akanikanya, akasema kila mtu na njia yake, akambeba mpaka akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo. Aliporudi akaajiriwa kufundisha chuo kile kile cha Dada, lakini kwa mkataba wa muda, ule wa kuongezwaongezwa. Kila ukikaribia kwisha, Kitinda anakonda. Ana mke, ana watoto wawili, na hajui mwakani atakuwa wapi.

Mwaka mmoja mkuu wa idara akamwita, akamwambia aandae somo jipya la historia ya kale, kwa kuwa chuo hakina. Likipitishwa na kamati, idara itapewa nafasi ya mwalimu wa kudumu, na nafasi hiyo ni yake. Likikataliwa, mkataba ukiisha ndiyo umeisha. Hakuna kuongeza tena.

Sasa chuo kile kina kanuni. Somo jipya halipiti mpaka maktaba ifanye tathmini: vitabu vya somo hilo vipo au havipo, vinatosha au havitoshi. Kamati haitaki mambo ya kuwaingiza wanafunzi darasani kisha waanze kugombania kitabu kimoja. Na mkutubi anayesimamia vitabu vya historia ni nani? Dada.

Alichofanya kwanza ni kwenda kwa mkuu wa maktaba. "Mwenye somo hili ni mdogo wangu wa tumbo moja," akamwambia. "Mpe mtu mwingine." Mkuu akacheka, akamwuliza huyo mtu mwingine amtoe wapi, au kazi ampe mkutubi wa kemia? Wakakubaliana kwamba Dada afanye tathmini, mkuu aipitie, na juu kabisa waandike wazi kwamba mkutubi na mwalimu ni ndugu. Nami niliposikia nikamshukuru Mungu. Mwamba ngoma huvutia kwake, au sivyo? Nikajua shughuli imekwisha.

Jumapili Kitinda akaja kula, kama kawaida yake. Alikuwa na furaha, anatembea huku na huku chumbani kwangu, anaminya pedeli ya cherehani kwa kidole cha mguu mpaka nikamzaba kofi la mgongo.

"Dada," akasema, "kile kitathmini chako hakina haja ya kukusumbua. Andika tu kwamba vinatosha. Wote huandika hivyo. Mimi mwenyewe nimeshaandika kwenye pendekezo langu kwamba maktaba inajitosheleza."

"Ulikwenda kutazama?" Dada akauliza.

"Nitazame nini na wewe uko mle ndani?"

Dada akawa anakunja kitambaa cha meza, kona kwa kona. "Nitahesabu kwanza," akasema.

"Ahesabu!" nikadakia mimi. "Mtoto anatafuta riziki, yeye ahesabu!"

"Mwache ahesabu, Dada Mdogo," Kitinda akasema, kwani mimi ndivyo anavyoniita. "Si anamhesabia mdogo wake?" Akamkumbatia Dada mabegani, akaondoka anapiga mluzi.

Basi Dada akaanza kazi. Alichukua orodha ya vitabu ambavyo Kitinda alitaka wanafunzi wasome, akavitafuta kimoja kimoja kwenye katalogi. Vingi havikuwemo. Hakukata tamaa, maana alisema kutokuwa na kitabu fulani si kitu kama kipo kingine cha kufanana nacho. Akaingia kwenye majarida ya mtandaoni. Kwenye tovuti ya maktaba yameandikwa yote, yamejipanga vizuri, lakini yeye si mtu wa kuamini majina, akafungua moja moja. Karibu kila alilolibonyeza lilimjibu kwamba malipo yamekwisha muda. Katika vitabu vyenyewe kulikuwa na historia moja maarufu ya mataifa ya kale, juzuu tatu, na maktaba ilikuwa na juzuu ya pili peke yake.

"Yaani vita vinaanza katikati," aliniambia akivua viatu, "na nani alishinda hatujui."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mimi namjua dada yangu. Akiwa na jambo huwa anasafisha kitu ambacho tayari ni kisafi, na jioni ile alisugua birika mpaka nikalionea huruma.

"Sasa itakuwaje?" nikamwuliza.

"Si vitabu tu," akasema. "Hata wasomaji hakuna. Kumbukumbu za maktaba zinaonyesha rafu hiyo haisomwi. Kamati itauliza, kama hakuna anayesoma vilivyopo, somo jipya la nini?"

Nikapiga picha kichwani. Nilimwona Kitinda na wanawe wawili wamesimama barabarani na magodoro.

Jumamosi moja akasahau miwani nyumbani, nikampelekea. Mlinzi wa maktaba akanizuia, nikamwambia mimi ni mdogo wake mkutubi wa ghorofa ya pili. Akanitazama juu chini. "Yule mpole?" akauliza. "Na wewe?" Nilimjibu vizuri tu, na nikapita.

Nilimkuta kwenye kona ya mwisho, karibu na dirisha ambalo komeo lake limekufa na limefungwa kwa uzi. Amechuchumaa mbele ya rafu, anafungua vitabu nyuma, pale panapogongwa tarehe ya kuazimwa. Nikachungulia. Kitabu kimoja tarehe yake ya mwisho ilikuwa ya enzi nikiwa bado na mume. Kingine hakikuwa hata na muhuri mmoja. Alivaa miwani, akaendelea. Mara nikaona anapitisha kidole juu ya vitabu, kwenye ukingo wa juu pale vumbi linapokaa, toka mwanzo wa rafu mpaka mwisho. Nikajisemea, lo, huyu mtu hata kazini anakagua usafi.

"Tazama kidole changu," akaniambia.

"Kisafi."

Akahamia rafu ya jirani, vitabu vya takwimu za zamani za biashara. Akapitisha kidole kingine. Kilitoka cheusi, utafikiri amekiingiza jikoni kwenye masizi.

"Wafagiaji huwa wanafuta vitabu?" nikamwuliza.

"Hawagusi vitabu. Wanafagia sakafu tu." Akakaa chini kabisa, sakafuni, mtu mzima na sketi yake ya kazi. Akachukua kitabu kile kisicho na muhuri, akakifungua. Kurasa zililala wazi zenyewe, kona zimelainika kwa vidole. "Hivi vinasomwa," akasema. "Tena vinasomwa sana. Ni nani anavisoma?"

Ikabidi ajue. Wiki iliyofuata alihamisha kazi zake kwenye meza ya nyuma ya rafu zile, akakaa hapo kimya kama paka. Na watu wakaja. Hawakuwa wanafunzi wa historia, maana hao walishazoea kwamba historia ya kale haifundishwi. Alikuja kijana anayesomea umwagiliaji, akasoma habari za mifereji ya watu wa kale, anachora na kufuta, anachora na kufuta. Alikuja binti wa sheria, akasoma hukumu za wafalme waliochonga sheria zao kwenye mawe, akawa anaguna peke yake. Alikuja mwanafunzi wa uuguzi. Alikuja mzee mmoja mstaafu ambaye kwa kawaida hufuata magazeti na ubaridi wa ghorofa ya chini, naye alikuwa kwenye juzuu ile ya pili, anasoma vita vya katikati bila kujua vilianzaje, na ameridhika.

Kila mmoja wao alipomaliza aliinuka, akakirudisha kitabu pale pale alipokitoa, akakisukuma kwa kiganja kikae sawa na wenzake. Watu wa adabu zao. Na pale ndipo Dada alipoinua macho ukutani, akaona tangazo alilolibandika mwenyewe zamani, alipopewa ghorofa ile. Limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, herufi kubwa: MSOMAJI MWEMA HURUDISHA KITABU MAHALI PAKE.

Alinieleza jioni ile, amesimama mlangoni kwangu hata mkoba hajautua. Ngoja nami nieleze, maana mwanzoni sikuelewa. Vitabu vinavyoazimwa kwenda nyumbani vinajulikana, vinagongwa muhuri. Lakini vinavyosomwa mle mle ndani vitajulikanaje? Maktaba ina njia yake. Msomaji anatakiwa akiache kitabu mezani akimaliza. Jioni mfanyakazi anapita na toroli, anavikusanya vilivyoachwa, kila kimoja anakipitisha kwenye mashine ya kusoma alama, na kompyuta inaandika: hiki leo kimesomwa. Ndipo vinarudishwa. Ghorofa nyingine zote zina tangazo la kusema, tafadhali acha kitabu mezani. Ghorofa ya Dada peke yake ndiyo ilisema kinyume. Hakuweza kuvumilia meza zilizotapakaa vitabu. Kila kitu kina kwao! Alidhani anasaidia, tena watu wakimsifu, ghorofa ya pili nadhifu, ghorofa ya pili mfano wa kuigwa. Kumbe toroli lilikuwa linapita tupu kila jioni, na kompyuta ikiandika kwamba hakuna aliyesoma.

"Na vitabu vipya hununuliwa kwa kufuata zile hesabu," akasema. "Panaposomwa zaidi ndipo panapoongezwa. Kila mwaka rafu ile ilipata mwisho, mwaka mwingine haikupata kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka hesabu. Mimi ndiye niliyekuwa naandika, haisomwi, msinunue."

Nyani haoni kundule, wanasema. Lakini siku ile sikuwa na muda wa methali. Nilichokiona mimi ni mlango umefunguka.

"Si ndiyo vizuri!" nikaruka. "Wasomaji wapo! Andika wapo, andika vinatosha, mtoto apate kazi yake, tule tulale!"

"Wasomaji wapo," akasema. "Vitabu ndivyo havipo. Na havipo kwa sababu yangu."

"Kwani nani amekuuliza sababu?"

"Kamati imeniuliza kama vinatosha."

"Dada! Huyo ni Kitinda! Ni yule uliyemuogesha kwa mikono yako!"

"Najua nani nilimuogesha."

"Basi ni moyo gani huo? Wa mawe? Damu yako inakwenda kukosa kazi, wewe unawafikiria watu wa kamati ambao hata ukifa watakuja kula tu na kuondoka!" Nilisema mengi. Nilimwambia kwamba yeye si mama yetu, ni mtu aliyejipa umama, na mama mwenyewe angekuwepo angeandika vinatosha, angeandika kwa wino mwekundu. Dada alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, kwa ile sauti yake, "Nikiandika vinatosha, hawatanunua hata kimoja. Atasimama mbele ya darasa na juzuu ya pili." Akaenda chumbani, na mimi nikabaki nalia kwa hasira, nakata kitambaa cha mteja vibaya.

Aliandika alivyotaka. Mkuu wa maktaba alimsihi apunguze makali, hasa pale alipojitaja, akakataa. Nimeisoma tathmini yenyewe. Imesema kwamba mkutubi na mwalimu ni ndugu. Imesema vitabu vya historia ya kale vilivyopo ni vichache na vimezeeka, havitoshi kufundishia. Imesema wasomaji wapo, kutoka masomo mengi, na hawakuonekana kwa sababu ya tangazo lisilofaa ambalo mwandishi wa tathmini alilibandika mwenyewe, na upungufu wa leo umetokana na kosa hilo kwa sehemu kubwa. Mwisho ikaomba chuo kinunue vitabu kwanza, somo lianze vikishafika. Imetiwa sahihi. Na tangazo alikuwa ameshalibandua.

Kitinda alipopata nakala hakupiga simu wala hakuja. Mkewe ndiye aliyenipigia, analia, ananiuliza dada yenu tumemkosea nini.

Siku ya kamati walikuwa wote wawili ndani ya ukumbi, mmoja upande huu wa meza, mmoja ule. Dada ndiye aliyenisimulia, na Dada akisimulia haongezi chumvi. Anasema mwenyekiti alishika pendekezo la Kitinda mkono mmoja na tathmini mkono mwingine. Akamwambia Kitinda, "Mwalimu, wewe umeandika maktaba inajitosheleza. Dada yako anasema haijitoshelezi. Tumwamini nani?"

Dada anasema yeye alitamani ardhi ipasuke. Alijua neno moja tu lingetosha. Kitinda angesema kwamba mkutubi ameshakiri hesabu zake zilikuwa za uongo miaka yote, basi hata tathmini yake si ya kutegemewa, na nusu ya kamati ingemkubalia. Kulikuwa na mjumbe mmoja aliyekuwa ameshaanza kutikisa kichwa kuelekea huko. Kitinda akamtazama dada yake, akaitazama meza, akasema, "Mwaminini mkutubi. Mimi sikwenda kutazama. Niliandika tu."

Kamati ikaamua somo lisubiri, maktaba ipewe fedha za vitabu, vikifika suala lirudishwe. Mkataba wa Kitinda ukaisha kabla hata karatasi za manunuzi hazijapata sahihi. Akapata kazi ya kufundisha sekondari moja, historia na uraia, na michezo juu yake. Kitinda na michezo! Mtu anayejikwaa kwenye mguu wake mwenyewe!

Jumapili akaacha kuja. Tulikuwa tunapika kama kawaida, sahani yake inawekwa, kisha inaondolewa. Mimi na Dada tukawa tunaongea mambo ya umeme na maji. Akirudi kutoka kazini alikuwa ananiambia habari za toroli, eti leo limejaa, leo kimesomwa hiki na kile, ghorofa ya pili sasa inazishinda nyingine. Mimi naendelea kushona tu. Nilimwonea uchungu, na nilimwonea hasira, na sikujua kipi kimetangulia. Siku nyingine namkuta amesimama dirishani na kitambaa cha sahani mkononi, anatazama njia anayokujia Kitinda.

Fedha za vitabu zikatoka. Hapo sasa likaja jingine, nani ajue kipi kinunuliwe? Pale idarani aliyejua historia ya kale alikuwa mmoja, na wameshamwachia aende. Mkuu wa maktaba akamwambia Dada amwulize mdogo wake. Dada akasema hawezi. Alikuwa hana uso wa kumwomba mtu aliyemkosesha kazi amsaidie kazi.

Na Jumapili moja mchana, nimekaa kwenye cherehani napinda upindo, mlango ukagongwa. Kitinda. Amevaa shati la shule lenye chaki mfukoni, chini ya kwapa ana makaratasi. Amepungua. Hakunitazama mimi, alimtazama Dada aliyekuwa ametoka jikoni na kusimama kama nguzo.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

Basi. Nikaona hawa wawili watasimama hapo mpaka usiku uingie, nikamwambia Kitinda akae, asiniharibie hewa. Akakaa kwenye meza yangu ya kukatia, akasukuma vitambaa vyangu pembeni, mwanaharamu mkubwa, bila hata kuomba.

"Nimesikia mnanunua," akasema. "Mkifuata ile orodha yangu ya kwanza mtapoteza fedha. Ile niliiandika nikiwa natazama maktaba ya watu, kule nilikosoma. Nimekuwa nakwenda yenu, Jumamosi."

"Sijakuona," Dada akasema.

"Nilikuwa nakuja ukishatoka." Akafungua makaratasi yake. "Nimekaa na wale wasomaji wako. Yule wa umwagiliaji amehitimu, lakini amewaleta wenzake. Wanataka mifereji, wanataka nafaka, wanataka watu wa kale walikuwa wanahifadhi nini ghalani. Binti wa sheria anataka mikataba ya ndoa na ya ardhi. Vipo vitabu vizuri vya hayo, vipya, na bei si mbaya. Na ile juzuu ya kwanza na ya tatu, Dada, mzee yule anunuliwe kabla hajafa."

Dada akavuta kiti. Akavaa miwani. Wakaanza. Kichwa kwa kichwa, hiki ndiyo, hiki hapana, hiki kina toleo jipya, hiki nakala mbili. Wakabishana juu ya kimoja ambacho Kitinda alikipenda na Dada akasema hakuna atakayekifungua, na Kitinda akakikata kwa kalamu, anacheka kidogo. Nilikuwa sijasikia cheko lile muda mrefu. Ungedhani ningefurahi. Lakini mimi nilipandwa na mori, nikasimamisha mashine.

"Wee mwanaume, una akili timamu?" nikamwambia. "Vitabu vikifika somo litapita, halafu? Nafasi itatangazwa gazetini. Watakuja watu na vyeti vyao kutoka kila kona. Wakimpa mwingine je? Wewe umekaa hapa unamchagulia nani vitabu?"

Dada hakuinua kichwa. Nilimwona kalamu imesimama juu ya karatasi. Naye alikuwa anasubiri jibu, tena kuliko mimi.

Kitinda akageuza ukurasa.

"Wakimpa mwingine," akasema, "basi atakuta vitabu."

Akaendelea kusoma bei. Dada akavua miwani, akainuka, akasema ngoja alete chai. Chai ilikuwa mezani, kwenye chupa, imejaa. Akaenda jikoni, akafungulia bomba la maji kwa nguvu zote ili tusisikie. Mimi nilisikia. Na kwa kuwa niliona Kitinda naye ameanza kuinua kichwa, nikakanyaga cherehani, haraka haraka, kwa kelele, wala hakukuwa na nguo chini ya sindano.